Viuadudu na usalama wa chakula: Mkulima anapomwua mlinzi wa shamba lake

MNAMO Machi 2017, wakulima wa mahindi magharibi mwa Kenya na katika Bonde la Ufa waliamkia msiba. Viwavi ambao hawakuwa wamewahi kuwaona walikuwa wamezama katika mioyo ya mimea michanga, wakiyatafuna majani na kuacha nyuma kinyesi kilichofanana na unga wa mbao.

Mdudu huyo, kiwavijeshi wa asili ya Amerika, alikuwa ameripotiwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka wa 2016, magharibi mwa bara. Alipobisha hodi nchini Kenya, serikali na wakulima walikuwa na jibu moja tu mkononi, nalo ni bomba la kunyunyizia dawa.

Hapana anayeweza kumlaumu mkulima kwa hilo. Mwenye ekari moja ya mahindi inayotarajiwa kulisha familia na kulipa karo hawezi kukaa kitako akiyatazama yakigeuka makapi. Hata hivyo, kiwavi huyo angali mashambani hadi leo, na kila msimu mkulima hurejea dukani kununua dawa, aghalabu kali zaidi au kwa kipimo kikubwa zaidi kuliko cha msimu uliotangulia.

Swali linaloulizwa kwa nadra katika vikao vya sera za kilimo ni hili: Je, dawa hizo zinamwua nani hasa? Jibu la sayansi halifurahishi. Nyingi ya dawa zinazouzwa kwa bei nafuu huua kila mdudu anayeguswa nazo, awe adui au rafiki. Na marafiki wa mkulima miongoni mwa wadudu ni wengi kuliko anavyodhani.

Funzo la kahawa

Kenya haikuanza jana kulijua jambo hili. Mapema miaka ya ishirini ya karne iliyopita, mikahawa katika eneo la Thika ilivamiwa na vidung'ata, wadudu wadogo wenye unga mweupe ambao hufyonza utomvu wa mmea. Janga hilo lilienea Kiambu na Ukambani, likashambulia pia mimea ya chakula ya wenyeji.

Wataalamu wa serikali ya kikoloni walidhani mdudu huyo alitoka Asia. Kwa hivyo waliagiza maadui wake kutoka huko, wakawafungulia mashambani, wala hapakuwa na mafanikio. Ilichukua miaka kutambua kuwa walikuwa wamemkosea jina. Mdudu huyo alikuwa wa aina nyingine kabisa, naye alikuwa akiishi nchini Uganda bila kusumbua mtu, kwa kuwa huko alikuwa na maadui wa kumdhibiti.

Mnamo 1938, nyigu wadogo waliotolewa Uganda waliletwa na kuachiliwa katika mashamba ya Kenya. Nyigu hawa hawamwumi binadamu. Kazi yao ni kutaga mayai ndani ya kidung'ata, na mabuu yanapoanguliwa humla mwenyeji wao kutoka ndani hadi akafa. Katika miaka michache, tatizo lililokuwa limewatesa wakulima kwa zaidi ya mwongo mmoja lilipungua hadi likawa dogo.

Palikuwa na kikwazo kimoja kilichofunza mengi. Sisimizi walikuwa wakiwalinda vidung'ata ili wapate majimaji matamu wanayoyatoa, na waliwafukuza nyigu waliokuja kutaga. Wakulima waliagizwa kuzungushia shina la kila mkahawa utepe wenye gundi ili sisimizi wasiweze kupanda. Dawa ya kienyeji ya namna hiyo, ikiongozwa na ujuzi wa maisha ya wadudu, iliwapa nyigu nafasi ya kufanya kazi yao.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, dawa mpya za viwandani ziliingia. Zilikuwa na nguvu ya ajabu, na kwa muda mfupi zilionekana kama muujiza. Lakini katika mashamba ya kahawa yaliyopigwa dawa mara kwa mara, wadudu ambao awali hawakuwa tishio walianza kufura. Kiwavi mkubwa anayetembea kwa kujikunja mgongo, ambaye hapo awali alionekana kwa nadra, aligeuka kuwa adui mkubwa wa mkahawa. Waliokuwa wakimzuia walikuwa wameuawa pamoja na wale waliolengwa.

Kwa nini rafiki hufa kwanza

Wapo wanaodai kuwa dawa ikiua pande zote mbili, basi mambo husalia sawa. Hoja hiyo haina mashiko, na sababu zake ni za kimaumbile.

Kwanza, mdudu mharibifu mara nyingi hujificha. Funza anayetoboa bua la mahindi huishi juu ya majani kwa siku chache tu baada ya kuanguliwa, kisha huingia ndani ya bua ambako dawa haimfikii. Nyigu anayemtafuta hutembea juu ya majani na mabua mchana kutwa, akinusa harufu ya kinyesi chake. Dawa iliyokauka juu ya jani humkosa mwizi na kumpata askari.

Pili, wadudu waharibifu huzaana kwa kasi. Nondo mmoja wa kiwavijeshi anaweza kutaga zaidi ya mayai 1,000 katika maisha yake. Wachache wanaonusurika hupata shamba lenye chakula tele na lisilo na adui. Nyigu naye hawezi kuongezeka kabla ya viwavi kuongezeka, kwa sababu chakula chake ni wao. Hivyo basi, baada ya kila mnyunyizo, adui hutangulia na rafiki hufuata akiwa amechelewa.

Tatu, wale wanaonusurika dawa huwarithisha watoto wao ustahimilivu. Hili limeshuhudiwa wazi kwa kiwavi wa kabeji na sukumawiki, ambaye ni mmoja wa wadudu wanaoongoza duniani kwa kuzoea dawa. Mkulima anayeona dawa imeshindwa huongeza kipimo au huchanganya dawa mbili katika bomba moja. Mlaji wa mboga ndiye hulipa gharama ya mwisho.

Nne, wapo nyuki. Parachichi, maembe, kahawa, alizeti na matikitimaji huhitaji au hunufaika na wadudu wanaohamisha chavua. Mkulima anayepiga dawa asubuhi wakati maua yamefunguka hupoteza mazao mara mbili, kwanza kwa dawa aliyoinunua na pili kwa matunda ambayo hayatafunga. Jirani yake aliyetundika mizinga hupoteza asali pasipo kuulizwa.

Mafanikio yasiyotajwa

Ushahidi kwamba njia nyingine ipo haujatoka ughaibuni. Sehemu kubwa yake imepatikana hapa nchini, hasa kupitia Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu (ICIPE), kilichoasisiwa jijini Nairobi mwaka wa 1970 na mwanasayansi Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo.

Mfano wa kwanza ni funza wa mabua aliyetoka Asia na kufika katika pwani ya Kenya katika miaka ya hamsini. Huku nyigu wa kienyeji wakimwona kama mgeni wasiyemzoea, aliendelea kutafuna mahindi na mtama kwa miongo. Mnamo 1993, nyigu kutoka Pakistan, nchi ambako funza huyo na adui wake wameishi pamoja tangu jadi, waliachiliwa katika eneo la Pwani. Nyigu mmoja hutaga yapata mayai 40 ndani ya funza mmoja. Walijiimarisha, wakaenea wenyewe, na idadi ya funza hao ikapungua. Hakuna mkulima aliyetozwa hata senti.

Mfano wa pili unatoka Werugha katika milima ya Taita na Tharuni karibu na Limuru. Wakulima wa kabeji huko walikuwa wakipiga dawa mfululizo bila kufua dafu dhidi ya kiwavi aliyetajwa hapo juu. Mnamo 2002, nyigu walioletwa kutoka Taiwan waliachiliwa katika maeneo hayo mawili. Katika kipindi cha miaka mitatu, sehemu kubwa ya viwavi walikuwa wakiuawa na nyigu kabla hawajakomaa, na haja ya dawa ikapungua.

Wa tatu ni wa bara zima. Vidung'ata wa mihogo waliingia Congo katika miaka ya sabini na kusambaa kwa kasi, wakitishia chakula cha mamilioni ya watu. Nyigu aliyepatikana Paraguay mwaka wa 1981 aliachiliwa kwanza nchini Nigeria, kisha katika nchi nyingine nyingi za Afrika. Mradi huo ulimpatia mwanasayansi Hans Herren Tuzo ya Chakula Duniani mnamo 1995, wakati alipokuwa mkurugenzi mkuu wa ICIPE. Leo wapo vijana wa Kwale na Busia wanaokula mihogo bila kujua kuwa wanadaiwa shukrani na mdudu asiyeonekana vizuri kwa macho.

Na hata kwa kiwavijeshi, dalili za matumaini zimejitokeza. Watafiti waligundua kuwa nyigu kadhaa waliokuwa tayari barani walikuwa wameanza kumshambulia mgeni huyo. Mmoja wao, aliyefafanuliwa kisayansi mwaka wa 2017, alipewa jina la ICIPE yenyewe. Wengine hushambulia mayai, hivyo kiwavi huzuiwa hata kabla ya kuanguliwa. Kejeli ni kuwa wakati wataalamu wakiwahesabu nyigu hao, mabomba ya dawa yalikuwa yakiwaua katika mashamba yayo hayo.

Biashara na siasa

Ikiwa manufaa yako wazi kiasi hicho, mbona dawa ndizo zinazotawala? Sababu kuu ni kwamba nyigu hana muuzaji. Akishaachiliwa, huruka kutoka shamba hadi shamba bila risiti. Hakuna kampuni itakayolipia tangazo la redio kumsifu mdudu ambaye mkulima hatamnunua tena msimu ujao. Chupa ya dawa, kwa upande mwingine, ina mtengenezaji, msambazaji, wakala na duka katika kila kituo cha biashara mashambani.

Kazi ya kumtetea nyigu ni ya umma, nayo imeachwa yatima. Tangu serikali ilipopunguza watumishi wake katika miaka ya tisini, afisa wa kilimo wa nyanjani amekuwa mgeni adimu katika vijiji vingi. Pengo lake limejazwa na mwenye duka la pembejeo. Ndiye daktari, ndiye mfamasia na ndiye mwenye faida. Hata akiwa mwaminifu, ni vigumu kumtarajia amshauri mteja wake aende nyumbani mikono mitupu, angoje wiki moja na kuhesabu viwavi kwanza.

Ugatuzi ulitarajiwa kuleta nafuu. Chini ya Katiba ya 2010, huduma za kilimo mashinani ni jukumu la kaunti, ilhali usajili wa dawa na ukaguzi wa wadudu wanaoingizwa nchini ulibakia mikononi mwa serikali kuu. Mgawanyo huo una mantiki katika karatasi, lakini wadudu hawana habari za mipaka. Kaunti moja ikiwaachilia nyigu na jirani yake ikagawa dawa za bure, fedha za ya kwanza zinapeperushwa na upepo.

Suala la dawa zenyewe limefika Bungeni. Mnamo 2019, Bi Gladys Boss Shollei, wakati huo akiwa Mwakilishi wa Wanawake wa Uasin Gishu, aliwasilisha ombi la kutaka dawa hatari ziondolewe sokoni, akilalamika kuwa baadhi ya zile zilizopigwa marufuku Ulaya ziliendelea kuuzwa kwa Wakenya. Mnamo 2025, Wizara ya Kilimo ilitangaza kuondolewa kwa makumi ya bidhaa na kuwekewa masharti kwa nyingine.

Hatua hiyo inastahili pongezi, ila haitoshi. Kumnyang'anya mkulima chupa bila kumpa badala yake ni kumsukuma katika soko la magendo, ambako hana hakika hata ya kilichomo ndani. Isitoshe, mjadala umeegemea zaidi afya ya binadamu. Hilo ni la haki, lakini wadudu rafiki hawakupata wakili. Dawa inaweza kuwa salama kiasi kwa mlaji na bado ikafagia nyuki na nyigu wote wa kijiji.

Kinachoshangaza ni kuwa wanaouza nje walishalielewa somo hili. Kati ya 2012 na 2013, mishipiri ya Kenya ilikumbwa na misukosuko katika soko la Ulaya baada ya kupatikana na mabaki ya dawa yaliyozidi kiwango, na wakulima wengi wadogo wakapoteza soko. Katika mashamba ya maua ya Naivasha, utitiri wanaofyonza majani ya waridi hudhibitiwa kwa utitiri wengine wanaowala, ambao hufugwa na kuuzwa kibiashara. Ua litakalowekwa mezani Amsterdam hulindwa kwa njia ya kisasa, lakini sukumawiki itakayoliwa Kawangware huachwa kwa huruma ya bomba.

Mipaka ya nyigu

Itakuwa kosa kuuchora udhibiti wa kibayolojia kama tiba ya kila ugonjwa. Dumuzi wa mahindi ghalani, ambaye baadhi ya Wakenya walimbandika jina la Osama kwa uharibifu wake, aliletewa adui kutoka Amerika ya Kati mapema miaka ya tisini. Matokeo yalikuwa ya kusitasita, mazuri kwingine na hafifu kwingine. Kisa cha vidung'ata wa kahawa nacho kinaonyesha kuwa kosa la kumtambua mdudu laweza kupoteza miaka mingi.

Zipo pia dharura zisizoweza kungoja. Makundi ya nzige yaliyoingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019 yalikuwa na uwezo wa kufyeka malisho ya wilaya nzima kwa siku chache, na unyunyizaji kutoka angani haukuepukika. Hata hapo, nchi jirani ya Somalia iliweza kutumia dawa itokanayo na kuvu wanaoua nzige pekee na jamaa zao wa karibu, ikawaacha nyuki wa wafugaji salama. Tofauti haikuwa ya sayansi. Ilikuwa ya maandalizi.

Aidha, kumleta mdudu mgeni kuja kumla mgeni mwingine kunahitaji tahadhari. Ndiyo maana nyigu huwekwa karantini na kujaribiwa kama atashambulia wadudu wasiohusika kabla ya kibali kutolewa. Utaratibu huo haupaswi kulegezwa. Unachohitaji ni fedha na wataalamu wa kutosha ili usichukue miaka ilhali kiwavi anachukua wiki.

Njia ya kufuata

Kwa mkulima mdogo, mfano ulio karibu zaidi ni mbinu ya vuta-sukuma, iliyobuniwa na watafiti wa ICIPE kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wakishirikiana na wenzao wa Kituo cha Rothamsted cha Uingereza. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea ambao harufu yake huwafukuza nondo. Pembezoni mwa shamba hupandwa nyasi za napier au brakiaria, ambazo huwavuta nondo hao wakatage huko, mahali ambapo watoto wao wengi hawaponi.

Mbinu hiyo humpa mkulima faida nyingine. Desmodiamu hurutubisha udongo kwa naitrojeni na huzuia kiduha, gugu ambalo wakulima wa Nyanza hulijua kwa jina la kayongo na ambalo hunyonya mizizi ya mahindi hadi yakadumaa. Nyasi na desmodiamu ni malisho ya ng'ombe wa maziwa. Tatizo ni kuwa mbegu za desmodiamu ni ghali na hazipatikani kila mahali, na kazi ya kuotesha shamba la kwanza ni nzito. Haya ni matatizo ambayo bajeti ya kaunti inaweza kuyatatua iwapo itatenga kwa mbegu sehemu tu ya fedha zinazotumiwa kununua dawa za dharura.

Kuna mengine yasiyohitaji fedha nyingi. Kumfunza mkulima kukagua mimea kabla ya kupiga dawa, kunyunyiza jioni nyuki wanaporejea mizingani, na kuchagua dawa inayolenga mdudu mmoja ni mambo yanayoweza kufundishwa barazani. Lebo za chupa zingeweza kulazimishwa kueleza, kwa Kiswahili chepesi na kwa maandishi yanayosomeka, dawa husika inawafanyia nini nyuki na nyigu.

Zaidi ya yote, serikali kuu na kaunti zinafaa kuafikiana kwamba kabla ya dawa za msaada kugawanywa katika eneo lolote, wataalamu waulizwe iwapo kuna wadudu rafiki walioachiliwa huko. Fedha za umma haziwezi kuendelea kumlea nyigu kwa mkono mmoja na kumwua kwa mkono mwingine.

Wahenga waliamba kuwa mchimba kisima huingia mwenyewe. Kila mnyunyizo usio wa lazima ni jembe jingine katika kisima hicho. Mdudu mharibifu atarudi, kwani ndiyo tabia yake. Mkulima anapaswa kujiuliza, kabla ya kulijaza bomba lake, kama atakaporudi atamkuta mlinzi yeyote shambani.